Wa Tatu Hana Kiti

Ndugu wasikilizaji, kuna swali ambalo hapa Lushoto nimeulizwa mara nyingi, sokoni na kwenye vijiwe vya kahawa, na kila baada ya uchaguzi linarudi upya. Swali lenyewe ni hili: nchi yetu ina vyama vya siasa zaidi ya kumi na tano vyenye usajili kamili, mbona tukifika kwenye sanduku la kura mashindano yanabaki ya wawili, na yule wa tatu anaondoka mikono mitupu?

Majibu ya kawaida tunayajua. Wapo wanaosema viongozi wa upinzani ni walafi wa madaraka na ndiyo maana hawaungani. Wapo wanaosema wananchi hawana mwamko. Wapo wanaosema chama tawala kina fedha na kina dola. Kila jibu lina ukweli wake. Lakini leo nataka kueleza sababu nyingine, ambayo ingefanya kazi yake hata kama viongozi wote wangekuwa malaika. Sababu hiyo ni namna tunavyohesabu kura.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika jimbo moja la milimani watu 1,000 wamepiga kura. Mgombea wa kwanza amepata 400, wa pili 350, wa tatu 250. Wa kwanza anakwenda Dodoma. Watu 600, yaani wengi, hawakumtaka, lakini sheria haiulizi hivyo. Sheria inauliza tu nani amewazidi wenzake. Kiti ni kimoja, hakikatwi vipande.

Baada ya miaka mitano uchaguzi unarudi. Wale watu 250 wanajiuliza: tupoteze kura tena? Hapo wanafanya kile anachofanya abiria pale Mombo anapotaka kupanda Lushoto. Magari matatu yamepanga foleni. La tatu lina viti vizuri na dereva mwangalifu, lakini ndani hamna mtu. Abiria halipandi. Anakwenda kwenye gari linalokaribia kujaa, kwa sababu hilo ndilo litakaloondoka. Kila abiria akifikiri hivyo, gari la tatu halijai kamwe, wala si kwa ubovu wake.

Mwanazuoni wa Ufaransa, Maurice Duverger, aliliandika jambo hili mwaka 1951. Alisema kwamba palipo na jimbo la kiti kimoja na mshindi wa kura nyingi tu, vyama huelekea kubaki viwili. Alitaja sababu mbili. Ya kwanza ni hesabu yenyewe, inayomnyima wa tatu kiti. Ya pili ni woga wa mpiga kura, anayeiona hesabu hiyo na kumkimbia wa tatu mapema. Kanuni hii haishiki kila mahali kwa uzito uleule, lakini sisi Watanzania tunaweza kuipima kwa historia yetu wenyewe.

Tuanze na milima hii. Mfalme Kimweri ye Nyumbai alitawala kutoka Vugha hadi alipofariki mwaka 1862. Kiti cha Vugha kilikuwa kimoja. Alikalia mjukuu wake, Shekulwavu. Lakini chini tambarare, pale Mazinde, palikuwa na mwanawe Kimweri, Semboja, aliyekaa kwenye njia ya misafara na kupata bunduki kwa biashara. Vita vikazuka. Machifu wadogo wa milimani, kila mmoja na kilima chake, wakajikuta hawana njia ya katikati: ama uko na Vugha, ama uko na Mazinde. Fahali wawili hawakai zizi moja, na ndama wote wakalazimika kuchagua fahali.

Ila palikuwa na upande wa tatu. Wabondei, waliokaa mashariki kuelekea pwani, walikuwa wamechoshwa na utawala wa Wakilindi wa pande zote. Semboja alitafuta msaada wao dhidi ya Shekulwavu. Wao walipoinuka hawakuishia hapo, waliwafukuza Wakilindi nchini mwao. Vuguvugu hilo hukumbukwa hadi leo kwa jina la Kiva. Kwa nini Wabondei waliweza na wale machifu wadogo hawakuweza? Kwa sababu Wabondei walikaa pamoja mahali pamoja. Wengine wasioridhika walikuwa wametawanyika milimani kama ukungu wa asubuhi: upo kila mahali, na jua likitoka hauonekani.

Nawaomba mlishike jambo hilo, ndugu wasikilizaji, maana tutakutana nalo tena. Palipo na kiti kimoja kisichogawika, watu hugawanyika pande mbili. Wa tatu huishi tu kama ana kilima chake mwenyewe.

Sasa tuje kwenye kura. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya Mwingereza ililazimisha watu wa Usambara kulima matuta ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Mpango wa Mlalo ulianza 1946. Kazi ilikuwa ngumu, wengi wa waliobeba mzigo walikuwa akina mama, na wananchi waliuchukia mpango huo. TANU ilipofika milimani ilikuta watu wenye malalamiko tofauti lakini mpinzani mmoja. Ndipo chama kikubwa huzaliwa: si kwamba wote wanapenda kitu kimoja, ila wote wanamkataa mtu mmoja.

Mwaka 1958 ukaja uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria, na Jimbo la Tanga, ambamo Lushoto ilikuwamo, lilikuwa katika awamu ya kwanza, mwezi Septemba. Utaratibu wake vijana wa leo hawataamini. Kwanza, si kila mtu alipiga kura. Ilibidi uwe umefika darasa la nane, au uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au uwe na cheo kilichokubaliwa. Pili, kila mpiga kura alilazimika kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mzungu na moja kwa Mwasia. Ukiacha mmoja, karatasi yako imeharibika.

Utaratibu huo ulilingana na siasa ya mseto wa rangi aliyoitaka Gavana Twining, na chama cha UTP, kilichoanzishwa 1956, kiliegemea huko. TANU ilikutana Tabora Januari 1958 na kubishana vikali: tushiriki au tugome? Mwalimu Nyerere alishawishi washiriki. Zuberi Mtemvu akajitoa, akaunda chama cha ANC, kilichosema Afrika ni ya Waafrika peke yao. Hivyo tukawa na vyama vitatu: UTP, TANU na ANC.

Angalieni sheria ya kuhesabu ilivyofanya kazi. ANC kiliingia katika uchaguzi ambao kila mfuasi wake lazima amchague Mzungu na Mwasia. Chama cha Waafrika peke yao kingemwambia mfuasi wake ampe nani hizo kura mbili? TANU ilikuwa na jibu. Iliunga mkono Wazungu na Waasia walioupenda uhuru, kama Derek Bryceson, Lady Chesham, Amir Jamal na Sophia Mustafa. Sheria iliyofaa mseto ikageuzwa na TANU kuwa ngazi ya kupandia. UTP kikafa. Mwaka 1960 viti vilikuwa 71. Katika viti 58 wagombea wa TANU walipita bila kupingwa, na mwishowe TANU ilikosa kiti kimoja tu, cha Mbulu. Mwaka 1962, katika uchaguzi wa rais, Mwalimu alipata kura 1,127,978 na Mtemvu kura 21,276. Hiyo haifiki asilimia 2.

Mwaka 1963 Mwalimu aliandika kwamba mashindano ya vyama viwili yanafanana na mechi ya mpira, na kwamba taifa linalojengwa halihitaji mechi. Wazee wa Usambara walikuwa na lugha yao ya zamani kwa wazo la karibu na hilo. Wakubwa wawili wanaposhindana nguvu kwa nguvu, walisema, nchi inaharibika, *kubana shi*. Akisimama mmoja mwenye nguvu, nchi inapona, *kuzifya shi*. Sishangai kwamba siasa ya chama kimoja haikusikika kama jambo geni milimani.

Lakini hata chama kimoja hakikuweza kumkimbia wawili. Katika uchaguzi wa 1965 kila jimbo lenye mashindano lilipewa wagombea wawili, wote wa TANU, mmoja kwa alama ya jembe na mwingine kwa alama ya nyumba. Mashindano yalikuwa ya kweli. Hata Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa. Ila wawili hao walipatikanaje? Waliojitokeza walipigiwa kura katika mkutano wa wilaya, kisha Halmashauri Kuu ikateua wawili. Wa tatu, awe na sifa gani, aliondolewa kabla mwananchi hajaiona karatasi.

Wakati huohuo Zanzibar ilikuwa imekwisha kutuonyesha sura nyingine ya wa tatu. Huko palikuwa na vyama viwili vikubwa, ASP na ZNP. Mwaka 1959 baadhi ya watu walitoka ASP wakaunda ZPPP chini ya Muhammad Shamte, chenye nguvu kubwa Pemba. Januari 1961 viti 22 viligawanyika hivi: ASP 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wale watatu wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11. Nchi ikakosa serikali. Uchaguzi ukarudiwa Juni kwa viti 23, ikawa 10, 10 na 3, na ghasia zilizofuata ziliua watu 68. Safari hii ZPPP ikaungana na ZNP, na Shamte, kiongozi wa chama kidogo kuliko vyote, akawa mkuu wa serikali.

Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Kura zake zilirundikana katika majimbo iliyoshinda kwa wingi mkubwa, na wingi huo haukuongeza kiti. Uhuru ulikuja Desemba 10, mapinduzi yakaja Januari 12, 1964. Sisemi mapinduzi yaliletwa na hesabu ya kura peke yake. Palikuwa na mambo mazito ya ardhi, ukabila na historia. Nasema tu kwamba watu walio wengi walipoambiwa wameshindwa, imani yao kwa sanduku la kura ilikuwa imebaki kidogo.

Turudi Bara, mfumo wa vyama vingi uliporejea rasmi Julai 1, 1992. Uchaguzi wa 1995 ndio somo kubwa. Katika kura za wabunge, NCCR-Mageuzi kilipata asilimia 21.8 ya kura nchi nzima. Kati ya majimbo 232 kikapewa 16. CUF kilipata asilimia 5 tu ya kura, kikapewa majimbo 24, yote Zanzibar na mengi yake Pemba. Chadema kilipata asilimia 6.2 na majimbo 3. UDP kilipata asilimia 3.3, karibu nusu ya Chadema, nacho kikapata majimbo 3, kwa kuwa nguvu zake zilikuwa pamoja, mkoani Shinyanga. CCM, kwa asilimia 59.2 ya kura, ilichukua majimbo 186, yaani asilimia 80.

Mnawaona Wabondei na machifu wadogo? CUF na UDP walikuwa na kilima chao. NCCR-Mageuzi kilikuwa ukungu: kura kila mkoa, viti kidogo. Laiti viti vingegawiwa kwa uwiano wa kura, chama hicho kingekuwa na wabunge wapatao 50. Tukawasikia watu wakisema upinzani ni dhaifu. Kumbe sehemu ya udhaifu huo ilitengenezwa na kalamu ya hesabu.

Kilichofuata ndicho kinachojibu swali la vijiwe vya kahawa. Kiti cha mpinzani mkuu kilibaki palepale, akibadilika mkaaji tu. Mwaka 1995 alikalia NCCR-Mageuzi. Mrema alihamia TLP mwaka 1999, na mwaka 2000 NCCR-Mageuzi kikapata jimbo moja tu. Kiti akakalia CUF, mwaka 2000 na 2005. Mwaka 2010 Chadema akamwondoa. Mwaka 2015 CUF, Chadema, NCCR-Mageuzi na NLD waliungana nyuma ya Lowassa, akapata asilimia 39.97 dhidi ya 58.46 za Magufuli. Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, aliyesimama kama wa tatu, hakufikisha asilimia moja. Zanzibar, Maalim Seif alipohama CUF kwenda ACT-Wazalendo Machi 2019, wafuasi wake walihama pamoja naye, na CUF, kilichokuwa cha pili tangu 1995, kikawa wa tatu. Wapiga kura walikuwa wamekwenda kwenye gari linaloondoka.

Sasa atatokea mtu aseme: haya ni maneno ya wasomi, hesabu haiwezi kubadili mambo kiasi hicho. Kwake nina ushahidi kutoka Bunge letu wenyewe. Mwaka 2010, kura za ubunge za Chadema zilikuwa zaidi ya mara mbili ya kura za CUF. Katika majimbo, Chadema kilipata 23 na CUF 24. Lakini tunavyo pia viti maalum vya wanawake, ambavyo hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura za ubunge, kwa chama kilichofikisha angalau asilimia 5. Kati ya viti hivyo 102, CCM ilipata 67, Chadema 25 na CUF 10.

Uchaguzi ni uleule, siku ileile, kura zilezile. Ukizihesabu kwa jimbo, CUF anamzidi Chadema kwa kiti kimoja. Ukizihesabu kwa uwiano, Chadema anamzidi CUF mara mbili na nusu. Nani basi alikuwa wa pili? Jibu linategemea kalamu iliyoshikwa.

Kwa kiti cha rais mambo ni makali zaidi, maana hicho hakigawiki kabisa. Mwaka 1995 Katiba ilimtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura. Mabadiliko ya kumi na tatu ya Katiba, mwaka 2000, yaliondoa sharti hilo. Sasa anatosha aliyewazidi wenzake. Jirani zetu wa Kenya waliuonja utaratibu wa namna hiyo mwaka 1992. Moi alishinda kwa takriban asilimia 36, huku Matiba, Kibaki na Odinga wakigawana zilizobaki. Vita vya panzi furaha ya kunguru. Katiba yao ya 2010 ikaweka zaidi ya nusu, pamoja na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilitaka rais wetu apate zaidi ya nusu, lakini rasimu hiyo haijawa Katiba.

Je, tuhamie uwiano moja kwa moja? Afrika Kusini walifanya hivyo mwaka 1994, na chama cha PAC, kwa asilimia 1.25 tu ya kura, kilipata viti 5 kati ya 400. Hakuna kura iliyotupwa hovyo. Lakini lipo la kulipia. Wabunge hutoka kwenye orodha inayoandikwa na viongozi wa chama, na mbunge wa orodha hana kilima. Barabara ya kijijini ikikatika wakati wa masika, mkulima wa Mtae au Bumbuli atamshika nani shati? Watu wetu wanataka mbunge wanayemjua kwa jina na kwa nyumba, nami siwalaumu.

Wajerumani, waliouita mji huu Wilhelmstal walipotutawala, walipata njia ya katikati kwao. Tangu 1953 mpiga kura wa huko ana kura mbili: moja kwa mtu wa jimbo lake, nyingine kwa chama, na hiyo ya pili ndiyo inayoamua uwiano bungeni. Sisi tunazo tayari nusu zote mbili za utaratibu huo, yaani wabunge wa majimbo na viti vinavyogawiwa kwa uwiano. Kinachokosekana ni mpiga kura kupewa hiyo kura ya pili mkononi, na viti hivyo kutumika kusawazisha.

Nisieleweke vibaya. Hesabu nzuri haimsaidii asiyeruhusiwa kuingia uwanjani. Katika uchaguzi wa Oktoba 2025, Chadema na ACT-Wazalendo hawakuwa na mgombea wa urais wa Muungano kwenye karatasi ya kura, na hapo hakuna kanuni ya Duverger inayohusika. Nani aingie uwanjani na kura zihesabiweje ni maswali mawili tofauti, na yote mawili yanadai majibu.

Mwaka 2010 na 2015 majimbo yote matatu ya wilaya hii, Lushoto, Mlalo na Bumbuli, yalichukuliwa na CCM. Ni haki yake, ilishinda. Lakini humu milimani wamo watu waliopanga foleni tangu alfajiri wakapigia wengine. Nao wanalipa ushuru wa mazao, nao barabara zao zinakatika, na kwa hesabu ya jimbo kura zao ziliishia jioni ileile kwenye ubao wa matokeo. Mtu akifanyiwa hivyo mara mbili, mara tatu, ama anahamia kwenye gari lililojaa, ama anabaki nyumbani. Anayebaki nyumbani ndiye anayenitia wasiwasi, maana chama kinaweza kufa kikazaliwa kingine, lakini mwananchi aliyekata tamaa na kura harudi kirahisi.

Kwa hiyo, ndugu wasikilizaji, siku nyingine tukisikia wa tatu ameshindwa tena, tusiishie kuuliza kwa nini hawaungani. Tuulize pia alipata kura ngapi, alipewa viti vingapi, na nani aliyeamua kwamba hesabu iwe hivyo. Sheria ya uchaguzi haikushuka na mvua ya masika. Iliandikwa na watu, na watu wanaweza kuiandika upya.